Silima bin Makungu, Aliyepima Makombo ya Viazi

Wazee wetu, majirani wa Miembeni, na nyinyi jamaa mliotoka Bwejuu tangu alfajiri, familia, kwa mdomo wangu mimi mtoto wa nduguye marehemu, inakushukuruni kwa kubaki mikekani baada ya hitma kumalizika. Alkhamisi tulipomzika mambo yalikwenda mbio kama inavyopasa, na hapakuwa na nafasi ya kueleza tuliyemzika alikuwa nani. Leo, Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1959, nafasi ipo, na haja pia ipo, kwa sababu habari pekee za marehemu zilizoandikwa mahali ni mistari miwili katika daftari la watumishi wa serikali, na hata hiyo ina makosa.

Kwa mujibu wa daftari hilo, Silima bin Makungu bin Machano alizaliwa Bwejuu tarehe 31 Juni 1910, siku ambayo haimo katika kalenda ya Wazungu wala katika hesabu ya Waislamu, lakini iliandikwa na kupigwa muhuri, na kitu kikishapigwa muhuri katika nchi hii hata mwezi huongezewa siku. Mama yake, marehemu Bi Mwanamkasi, alikuwa akisema kwamba alimzaa mwezi wa mfungo saba, mwaka ambao nguruwe mwitu walikula mtama wote wa uwandani, na kwa kuwa Bi Mwanamkasi alikuwepo na karani hakuwepo, familia inashika kauli ya Bi Mwanamkasi.

Mwaka 1917 alitiwa chuoni kwa Mwalimu Hasan bin Machano, hapohapo Bwejuu, akahitimu msahafu mwaka 1922, kisha akasoma miaka mitatu katika skuli ya serikali, ambako alifundishwa majina ya mito ya Uingereza, jambo ambalo wakaguzi waliliona la lazima kwa watoto wa kijiji kisichokuwa na mto hata mmoja. Kilichomfaa huko ni hesabu, na tabia ya kusoma, tabia ambayo hakuiacha, akawa anasoma kila karatasi aliyofungiwa sukari au chumvi, mbele na nyuma, na habari ikikatika katikati alirudi dukani kuulizia kipande kilichobaki.

Mwaka 1927 alikuja mjini, akachuma karafuu Kidichi misimu sita, na tarehe 5 Machi 1934 akaandikwa kibarua katika shamba la majaribio ya vyakula kwenye njia ya Mwera, shamba ambalo familia imekubaliana lisitajwe jina, maana wapo hai wanaoishi kwa mshahara wake, na leo tumekuja kuomba dua. Tarehe 12 Januari 1936 alimuoa Kidawa binti Mabrouk wa hapa Miembeni, huyu mjane aliye ndani na wanawake wenzake, anayesikia kila neno kupitia pazia, kwa hiyo msomaji anajihadhari. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu: Biasha, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1938, Matar, aliyezaliwa mwaka 1941 na kufariki kwa homa kabla hajatimiza miaka miwili, na Sheha, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1945. Kwa desturi ya historia kama hizi tungeiacha kazi hapa na kuendelea na ndoa mpaka maradhi, lakini marehemu mwenyewe hakuweza kutenganisha kazi na ndoa, kwani yeye alilima viazi vitamu na mkewe ndiye aliyevichemsha, na mengi ya maisha yao yalipita baina ya tuta na sufuria.

Mwaka 1951 mchele uliadimika, na serikali ikagundua kwamba watu wa Unguja wanakula viazi vitamu, jambo ambalo watu wa Unguja walikuwa wakilijua kwa muda mrefu bila ya msaada wowote. Akaletwa mtaalamu, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Wikomu na akawa anaitika, akiwa na makasha manne ya marando, yale mashina ya kiazi ya kupandia, kutoka visiwa vya mbali, na katika makasha hayo mlikuwa na kiazi kilichoitwa B.14. Hapana budi tukiseme kwa haki: kilizaa sana, kila shina lilitoa ratili nne na zaidi, na kwenye mizani kilikuwa sultani. Ila kilikuwa chepechepe. Ukikichemsha kilivunjika, ukikitia nazi kiliyeyuka ndani ya tui ukabaki unakisaka kwa mwiko, na utamu wake ulikuwa utamu wa sharubati, unaomtoa mtu hamu ya samaki. Na sisi sote hapa tunajua kiazi tunachokitaka, kikavu, cha unga, kinachomkaba mtu kidogo kooni mpaka aitake chai, kinachosimama imara katika mchuzi wa papa. Bwana Wikomu hakukijua, lakini hilo si kosa, maana alikuwa mgeni. Kosa lake ni kuuliza na asisikie jibu.

Tarehe 8 Septemba 1952, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, watu ishirini na nne kutoka mjini na mashamba walikalishwa kwenye mabenchi katika baraza ya ofisi, hali wote wameshakunywa chai majumbani mwao, wakapewa B.14 kilichopondwa, katika visahani, na vijiko. Aliyepika ni Bi Kidawa, aliyeandikwa mpishi wa muda, na aliamrishwa akiponde, akaponda huku akisema peke yake kwamba haya ni ya kumlisha asiye na meno. Bwana Wikomu alisimama mbele ya kila mtu na karatasi yake, na nyuma yake Karani Mkuu, Bwana Majid Darwesh wa Malindi, akifasiri.

"Kizuri?"

"Kizuri, Bwana."

"Kizuri?"

"Mashaallah, kizuri."

Alipofikiwa Bi Mwatum wa Kizimkazi, mwanamke ambaye ulimi wake mnaujua, alikitazama kisahani kwa adabu kubwa akasema, "Kizuri mno, Bwana, Mungu akupe umri, mimi nshashiba kwa kukitazama tu." Bwana Majid alifasiri, na kwenye karatasi ikaandikwa: ameridhika kabisa.

Basi ikawa ishirini na nne kwa ishirini na nne. Hakuna mtu aliyezaliwa katika kisiwa hiki ambaye angeshangaa, kwani nani amekaa kwenye baraza ya mtu, akapewa chakula cha mtu, akamwambia usoni kwamba chakula chako kibaya? Hata adui hafanyiwi hivyo. Lakini ripoti ilikwenda, marando ya B.14 yakagaiwa vijiji kumi na kimoja, watu wakayapokea kwa shukrani, wakayapanda, wakavuna, wakawapa ng'ombe. Ripoti ya mwaka uliofuata, ambayo marehemu aliisoma mara mbili kwa kutoamini macho yake, ilieleza kwamba wenyeji wanakipenda sana kiazi kipya isipokuwa hawana bidii ya kukila.

Siku ileile ya kuonja, marehemu alikuwa nyuma ya jiko. Visahani vilipokuja kuoshwa alimwambia Bi Kidawa asimwage kitu, akachukua mizani ya kupimia mbegu, akakusanya makombo yote katika kapu moja, akapima. Zilipikwa ratili kumi na mbili, na kapuni mlikuwa na ratili tisa na nusu. Bwana Majid alipita akamkuta.

"Silima, mizani ya serikali unapimia taka?"

"Nnapima majibu yao, Bwana Karani. Pale mbele walijibu kwa mdomo, huku nyuma wamejibu kwa mkono."

"Katika fomu hakuna sehemu ya makombo."

"Naam, nshaiona. Ndiyo maana nimenunua daftari langu."

Daftari hilo lipo, lina jalada la buluu, na mwenye kutaka kuliona aje kwa Sheha. Tangu siku ile kila kiazi kilichoonjwa kilipata ukurasa wake, kimepikwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kililiwa na nini, saa ngapi, na kama wenyeji walibaki chumbani au waliondoka, maana marehemu aliona kwamba mgeni hula kwa uso wa mwenyeji, na mwenyeji akitoka hula kwa tumbo lake. Bwana Wikomu aliletewa daftari lile mara moja, akalifungua kwa ncha za vidole, akaonya kwamba kushika mabaki ya watu kunaeneza maradhi, na akaagiza marehemu apewe sabuni.

Marehemu aliipokea sabuni, akashukuru, na akaomba kona ya shamba iliyokuwa imeota ukoka. Akapewa, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Hapo alipanda B.14 upande mmoja, na upande wa pili kile kiazi cha kwao Bwejuu, kidogo, kigumu, kisichozidi dole gumba mara mbili, lakini kikavu kama unga wa muhogo, na akangoja maua. Jioni alilifunga ua kwa uzi lisije likaingiwa na nyuki, na asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, alilifungua akalipaka vumbi la ua la upande wa pili kwa unyoya wa kuku, akalifunga tena, akatia alama. Maua mengi yalianguka. Yaliyobaki yalitoa mbegu nyeusi ngumu kama changarawe, akazikwaruza kwa msasa mojamoja ili ziote, na zilizoota zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, kila mche mtoto mbali, mwengine mtamu, mwengine mchungu, mwengine hazai kabisa. Aliwatunza wote, akawapa namba, akawachuja misimu minne, na mwisho akabaki na namba mia mbili na saba, kiazi chenye ganda jekundu na ndani njano hafifu, ambacho baba alikipa ukubwa na mama alikipa akili.

Jambo moja naomba mlishike vyema, hasa nyinyi watu wa mjini. Kiazi hakirudi kwa mbegu. Ukipanda mbegu ya mia mbili na saba unapata mtoto wake, ambaye ni mtu mwengine, na mia mbili na saba mwenyewe anaishi kwa marando tu, rando limezaa rando. Marando yakiisha, amekwisha, na hakuna Mzungu wala Muarabu atakayemrudisha.

Mwezi wa Februari 1955 marehemu hakungoja kiazi chake kionjeshwe ofisini. Aliwaita wanawake kumi na wawili hapahapa nyumbani, saa ya chakula cha mchana, pamoja na Bi Mwatum aliyekuwa amekuja mjini kwa dada yake, Bi Kidawa akachemsha B.14 katika sufuria moja na mia mbili na saba katika nyengine, akaweka masinia mawili, mchuzi wa papa katikati, kisha mume na mke wakatoka wakenda kukaa kwa jirani kama watu wasio na habari. Waliporudi, sinia la B.14 lilikuwa na vipande vitatu vilivyotafunwa pembeni na vyengine vizima. Sinia la mia mbili na saba lilikuwa na maganda. Na Bi Mwatum alipoinuka kuaga, pembe ya kanga yake ilikuwa imefungwa fundo kubwa lenye joto, na Bi Kidawa akauliza, "Bi Mwatum, umechukua nini, mama?" akajibiwa, "Dawa ya mjukuu wangu, na wewe usiwe mdadisi." Usiku ule marehemu alitia mstari mpya katika daftari, akauita Kilichofichwa, na akasema kwamba katika fomu zote za serikali hajaona alama kubwa kuliko ile.

Alidhani sasa kazi imekwisha. Alikipeleka kiazi chake ofisini na daftari juu yake, na ofisi, baada ya kufikiri mwaka mmoja na miezi mitatu, iliunda Kamati ya Ladha. Kamati ilikuwa na watu saba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kula kiazi kitamu kwa njaa. Walikutana tarehe 23 Mei 1956, wakaonja mia mbili na saba kwa siagi na sukari, wakanywa maji, wakaandika kwamba ni kikavu, kinakaba, kinamlazimisha mlaji anywe chai, na kwa hiyo hakifai kwa matumizi ya wenyeji. Marehemu alimsikiliza Bwana Majid akimsomea uamuzi huo mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Yaani wamekisifu?" Bwana Majid akasema, "Wamekikataa, Silima." Na kwa kuwa mwezi wa Julai alikuwa akija mgeni mkubwa kutoka London kukagua shamba, ikatolewa amri kwamba viazi vyote visivyopasishwa ving'olewe na kuchomwa moto ifikapo Jumamosi tarehe 30 Juni, shamba lipate kuonekana safi.

Mia mbili na saba alikuwepo mahali pamoja tu duniani, katika kona ile, hatua kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kanuni ya shamba ilikataza rando lolote kutoka nje ya geti bila ya idhini, na marehemu aliishika kanuni hiyo miaka ishirini na miwili, hata kipande cha urefu wa kidole hakupata kutoka nacho. Siku nane alirudi nyumbani akala kidogo. Bi Kidawa, ambaye hakupata kuiheshimu kanuni ile hata siku moja, alimwambia, "Baba Biasha, tia matatu manne ndani ya kofia, nani atakuvua kofia?" Akajibu, "Mimi sijaiba tangu nizaliwe, nianze leo, tena nianze kwa kuiba kiazi changu mwenyewe?"

"Basi kifie."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Wao wanachoma, wewe unatunza kanuni yao. Watakupa sabuni nyengine."

Kisha Bi Kidawa, akichambua mboga huku amekasirika, akauliza tu, kwa shari, kama Alkhamisi hii ataleta matembele au hata majani nayo yanangoja kamati. Maana kila Alkhamisi wafanyakazi walikuwa na haki ya kuchuma matembele, majani ya kiazi, ya mboga. Marehemu aliutazama mkono wa mkewe. Alikuwa ameshika ncha ya rando, laini, majani yake matano, ile tunayoipika na nazi, na ni ncha hiyohiyo ambayo kila mtoto wa shamba anajua kwamba ukiichomeka katika tuta inashika kuliko rando lililokomaa. Aliinuka, akaenda kazini kabla ya wakati, akaomba kitabu cha kanuni, akakisoma chote. Rando: marufuku. Matembele, kwa matumizi ya jikoni: fungu moja kwa kila mfanyakazi, kila Alkhamisi, yaandikwe getini. Waliokitunga kitabu kile walikuwa hawajui kwamba wameandika juu ya kitu kimoja mara mbili.

Alkhamisi tarehe 28 Juni 1956, saa nane mchana, wafanyakazi thelathini na mmoja walijipanga getini, kila mmoja na fungu lake, yote yamechumwa kona ile. Marehemu alisimama wa kwanza, kwa sababu alisema kama kuna wa kukamatwa basi akamatwe aliyezua. Bwana Majid Darwesh alikaa mezani na kitabu cha kuandikia vitu vitokavyo.

"Nini hii?"

"Matembele, Bwana Karani."

"Marefu haya."

"Mvua ilikuwa nzuri."

"Yanaliwa?"

"Yanaliwa, Bwana Karani. Andika yanaliwa."

Bwana Majid aliandika, akapitisha la pili, la tatu, mpaka la thelathini na moja, akajumlisha, akatia saini. Kisha akafunga kalamu, akasema bila kuinua macho, "Mke wangu Kulthum anapenda matembele. Silima, huna fungu la ziada?" Marehemu akagawa lake nusu kwa nusu.

Jumamosi marehemu aling'oa kilichobaki kwa jembe lake, akakirundika, akakitia moto kwa mkono wake, kwa amri, mbele ya Bwana Wikomu, aliyemsifu kwa utiifu. Mgeni wa London alikuja, akaonyeshwa ardhi tupu iliyofagiwa, akanywa chai, akaandika kwamba ameridhika.

Yaliyofuata mnayajua nyinyi kuliko msomaji. Mafungu yale yalikwenda Bwejuu, Makunduchi, Kizimkazi kwa Bi Mwatum, Kidichi, na viwanja vya Ng'ambo nyuma ya nyumba, na vuli ya 1957 kiazi chekundu kilikuwa kimejaa sokoni Darajani, akina mama wakikiita Sinia Tupu. Marehemu alipita sokoni kila Ijumaa baada ya sala, akasimama mbali akitazama wanaonunua, na akirudi nyumbani alikula vizuri.

Mwezi wa Machi 1959 alianza kukohoa na kupungua. Tarehe 30 Julai alilazwa katika hospitali ya mjini, ikaonekana ni mapafu, na tarehe 21 Septemba akarudishwa nyumbani kwa ombi lake. Hapo ndipo ulipomfikia kitandani waraka wa ofisi yake ya zamani. Ulisema kwamba kumegunduliwa kisiwani kiazi bora cha kienyeji, cha kale, kisichojulikana asili yake, kinachopendwa kuliko vyote, na kwamba ofisi inakusudia kukiboresha kwa kukichanganya na B.14 ili kiongezeke maji, na mwenye kujua habari zake aandike. Marehemu alicheka mpaka Bi Kidawa akamshika kifua. Kisha cheko likamtoka usoni, akamwita Biasha aje na kalamu.

Biasha akamwambia, "Baba, ukisema marando uliyatoa wewe, watakushitaki."

"Mwanangu, waje na machela. Andika."

Barua hiyo ya tarehe 2 Oktoba familia inaisoma kama ilivyo: "Bwana, kiazi mnachokiulizia nimekizalisha mimi, Silima bin Makungu, katika kona yenu yenye ukoka, na hicho ni namba mia mbili na saba mliyonitia kiberiti mkononi nikichome. Si cha kale, kina miaka sita. Mama yake ni kiazi cha Bwejuu. Baba yake ni huyohuyo B.14, basi msimuoze mtoto kwa baba yake, atazaliwa mjinga. Kiacheni kama kilivyo, watu wanakila. Marando niliyatoa mimi, mchana, getini, kwa kuandikwa. Mkitaka kunishitaki fanyeni upesi, daktari hana hakika na mwezi ujao."

Silima bin Makungu alifariki dunia nyumbani kwake, Jumatano tarehe 14 Oktoba 1959, saa kumi na moja alfajiri, mkewe na watoto wake wakiwepo, akazikwa kesho yake. Jana, Ijumaa, tarishi alileta jibu, akiwa hana habari kama kuna msiba, akalikabidhi katikati ya watu. Linasema: barua yako imepokewa, kiazi ulichokitaja hakimo katika orodha ya viazi vilivyopasishwa, kwa hiyo hakiwezi kuwa na mwanzilishi, na suala lako linashughulikiwa.

Familia haingojei lishughulikiwe. Ndiyo maana mmekalishwa jua lote hili, ili watu mia na zaidi wenye masikio wasikie kiazi kile ni cha nani, na wakifika makwao wawaambie wengine, na atakayekuja na marando ya kuboresha apokewe kwa adabu, aambiwe vizuri mno Bwana, na matuta yetu yasiguswe.

Tunamshukuru Daktari Rustam, aliyemtibu na kumwambia ukweli kila alipouliza. Tunawashukuru wauguzi, majirani wa Miembeni waliotuletea chakula siku tatu hizi, jamaa wa Bwejuu waliochimba kaburi, Bi Mwatum aliyekuja kutoka Kizimkazi na bado hajanyamaza, na wafanyakazi wenzake wote thelathini, mmojammoja. Tunamshukuru Bwana Majid Darwesh, tunayemuona pale mlangoni, ambaye hatukumuuliza kitu na hatutamuuliza. Ofisi tunaishukuru kwa ile sabuni.

Kwa idhini ya Bi Kidawa, uani kuna matuta manne ya mia mbili na saba, na visu vimewekwa juu ya kinu. Kila anayeondoka apite akate marando yake, mchana huu, mbele ya watu, hakuna pa kuandika jina. Wewe Silima, mume, baba na ami yetu, Mola akupanulie kaburi lako, akupe utulivu ulioukosa kazini, na akulaze mahali ambapo hapana kamati.